Kopo la Elfu Moja

Chumba cha nyuma, nyumbani
Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Na shemeji je, goti lake limepoa? Sisi hapa tunavuta siku. Mimi si mzima, wala sitaki kukuzungusha. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari akija huzungumza na binti yangu kana kwamba mimi ni kabati. "Anakula?" anamuuliza. Nami nipo hapo hapo, na meno ninayo.

Kalamu nayo inakwama. Viatu vyangu vimefichwa nisitoroke. Jana nilimsikia binti akimweleza muuguzi mchezo wetu: "Baba na baba mdogo walikuwa wanasaka makopo. Mtu wasiyemjua anaficha kopo, anatangaza namba za mahali mtandaoni, wao wanapanda milima na kifaa mkononi. Wakilipata wanaandika jina kwenye daftari lililomo, wanalirudisha palepale."

"Halafu wanapata nini?" muuguzi akauliza.

"Mafua."

Kinachoniudhi zaidi ni chama chetu. Jumamosi wanataka kuja na keki, kusherehekea miaka kumi tangu nipate kopo langu la elfu moja, lile la kule juu kwenye theluji. Katibu anataka nisimulie. Nisimulie nini? Ukweli haujui hata mmoja wao, na wewe ndiye uliyestahili kuujua kwanza.

Unakumbuka tulifika kibandani kule mlimani kila mmoja akiwa na makopo mia tisa tisini na tisa. Tuliahidiana la elfu tulipate pamoja. Wewe mwinuko ukakupasua kichwa, ukalala. Mimi nikapanda kidogo kuangalia njia, nikalikuta. Nikasaini. Shimo lake lilikuwa limejaa maji, basi nikalihamishia pakavu, hatua kumi na nne kaskazini, chini ya jiwe lenye mgongo kama tandiko. Nia yangu ilikuwa kukuambia.

Niliposhuka nikakwambia nimelipata. Ukacheka mbele ya wapagazi wote. "Kaka, umeliota! Miguu hiyo ya kuku ifike kule?"

Nikakasirika. Nikakuonyesha picha, na habari ya kulihamisha nikaimeza. Kesho yake ukalitafuta pale namba ziliposema, na keshokutwa tena, kwa kucha, mpaka vidole vikatoa damu. Mimi nilikaa juu ya jiwe nimeshika chupa ya chai, nikakwambia labda kuna mtu amelichukua. Jiwe lenyewe, ndugu yangu, lilikuwa lile la tandiko.

Chamani wakakubandika jina, Kasoro Moja. Ukaacha mchezo, kisha ukahama, na barua zako zikawa fupi. Miaka thelathini na moja nilichora ramani za watu wengine na sikupoteza hata kichochoro. Nikakupoteza wewe kwa hatua kumi na nne.

Hasira ya siku ile ninayo bado, ila imegeuka, inanitafuna mwenyewe. Sikuombi uniambie si kitu. Ni kitu.

Naomba uende, na mmoja wa wale pacha wako akushike mkono. Kopo lilifutwa mtandaoni kwa kuwa hakuna aliyeliona tena, lakini lipo. Fungua daftari, ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Mimi nilisaini mstari wa pili. Wa kwanza nilikuachia wewe, kabla hujacheka, na haukuwahi kuwa wa mtu mwingine.

Keki nimeikataa. Katibu amenuna, na anune. Nimemwambia lile la elfu ni la watu wawili, na bado halijapatikana.

Nisalimie shemeji, pacha, na yule mkwe wako fundi saa. Binti yangu anakuamkia. Mungu akulindie pumzi na magoti, akufikishe juu na kukushusha salama.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni,

Miguu ya Kuku