Ulimi wa Bess

Birmingham, Jumatano

Lionel,

Ya huko Kanada sitaki kuyajua leo. Ya hapa ni haya: shangazi Doreen katoka hospitali na ameshaanza kugombana na majirani, na mvua imeniozeshea maharage bustanini.

Jana mume wangu aliniita kwenye kompyuta. "Thelma, njoo uone! Bunduki ya babu yenu iko mnadani!"

Nikavaa miwani. Bunduki ya marisaa, jina la babu ubavuni. Nikacheka. Mtutu hauna muhuri, na babu hakuuza bunduki hata moja aliyoiunda kabla haijafyatuliwa kwa majaribio na kugongwa muhuri. Hicho ni chuma hafifu kilichopakwa uzee. Atakayeifyatua itampasukia usoni.

"Feki," nikasema, "tena ya kijinga."

Kisha nikamwona Bess, mbwa wa babu, amechorwa akiwa na sikio lake lililochanika kama kwenye bunduki zote za babu. Ila ulimi umening'inia mpaka kwenye nyasi. Babu alikuchapa vidole kila ulipomchora na ulimi huo. "We Lionel, huyo mbwa au nyoka?" Hukujifunza.

Huna haya! Mkono alioufundisha babu ndio unaomchafulia jina?

Kile kibati cha Bess ulichonichorea nilipoolewa nimekitoa ukutani jikoni. Ulimi ni uleule. Iondoe bunduki hiyo kabla mnada haujafungwa Jumapili, la sivyo nawapelekea wenye mnada kibati, na jina lako juu yake.

Dada yako mpaka Jumapili,
Thelma