Jina la Baba Kinywani mwa Saliha

Buyenzi, Bujumbura
Agosti 1997

Wifi yangu Zubeda,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii, anayovuka nayo mpakani dereva Hamimu, ikukute mzima hapo Kigoma, na mama yako uliyekwenda kumuuguza awe ameanza kuketi. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Bunduki tunazisikia kutoka milimani, lakini Buyenzi kumetulia na shule yangu ya gardiyeni, ya hawa watoto wadogo, haijafungwa.

Najua unachotaka kusoma: binti yako kapokewa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi? Subiri, nikueleze kwa utaratibu.

Vyeti vingi vya kuzaliwa vimepotea katika kukimbia, kwa hiyo shuleni wanapima kwa desturi ya zamani: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, aguse sikio la upande wa pili. Saliha alinyoosha weee, vidole vikaishia juu ya sikio. Akalaza shingo, mkuu wa shule, Direkta Anselme, akamsimamisha kichwa. Mtoto mmoja kwenye foleni akapiga kelele, “Mukono ya kuku!” Saliha akamjibu kwamba kuku angalau hana masikio ya punda. Nilimkazia macho, ila moyoni nilicheka.

Direkta akasema arudi mwakani. Nilimweleza taratibu kwamba mkono hukuzwa na chakula, na chakula kimekuwa haba. Aliye tayari kwa shule ni mtoto anayengoja zamu yake, anayesikiliza hadithi mpaka mwisho na kuisimulia. Nikamwomba amsikilize.

Hapa ujue jambo. Tangu vita vianze, somo langu la kwanza kila asubuhi si kuhesabu wala kuimba. Kila mtoto husimama akajitaja yeye, baba yake, mama yake na mahali anapokaa. Risasi zikitutawanya, atakayemwokota ajue pa kumrudisha.

Saliha akasimama wima. Akasema anaitwa Saliha, anakaa avenyu ya saba kwa shangazi Mwantum. Mama yake ni Zubeda, yuko Kigoma, atarudi. Baba yake ni Tajudini, amekufa, Mungu amrehemu. Direkta akaandika jina lake. Amepokewa, wifi.

Najua hapo umeiweka barua chini. Uliniagiza nimwambie baba yake amesafiri. Nilimwambia hivyo, naye kila asubuhi akasema “amesafiri,” halafu wenzake wakicheza yeye anakwenda kusimama langoni, anangoja. Tajudini ni ndugu yangu wa tumbo moja. Hata mimi nilitamani awe safarini. Lakini siwezi kumpa mtoto maneno ya kumwokoa, kisha nitie uongo ndani yake. Nilimkalisha nikamwambia ukweli. Tulilia wote wawili. Siku chache baadaye aliacha lango, akaenda kucheza. Sijutii.

Shule inafunguliwa Septemba. Jirani yetu Mwanne anakusalimu, na Saliha anasema umletee kalamu nyekundu. Najua unaiogopa barabara iliyomchukua mumeo, nami sikuharakishi. Ila katika maneno ya mtoto limebaki moja nisiloweza kulithibitisha: “atarudi.” Nimemfundisha mimi. Usinifanye mwongo.

Wifi yako akuombeaye,
Mwantum