Kamba Nyekundu ya Enebish

Jumatatu, 14 Januari

Mwanangu wa kwanza, jina lako halitajwi humu hemani, basi nakusalimu hivi hivi. Baba yako Purev hajambo, yuko na kondoo. Bibi yako Dulmaa hajambo, kifua tu. Mbwa hajambo. Na mdogo wako — ndiyo, umepata mdogo! — hajambo, ananyonya kama ndama. Tumemwita Enebish, yaani Si Huyu. Kifo kikibisha hodi, kidhani kimekosea hema.

Mimi sijambo kidogo.

Jumatano, 16 Januari

Nesi Oyuna kaja na pikipiki. Akamfungua Enebish kwenye ngozi ya kondoo, akaniambia: Dada, mfunge kifua tu, kiganja kipite katikati. Miguu ikunjike kama ya chura. Alale chali. Usoni pasiwe na kitu. Shingo ikitoa jasho, mpunguzie nguo.

Mama mkwe, bibi yako Dulmaa, akacheka. Huyo kazaa wangapi? Mimi nimefunga saba, wote wanapanda farasi!

Wa nane ulikuwa wewe. Hakukutaja. Alikufunga hadi kidevuni kwa kamba nyekundu, akakulaza karibu na jiko. Nilikuja kukunyonyesha — hukuamka.

Ijumaa, 18 Januari

Mtoto kacheka usingizini. Mama mkwe akamwangalia mbweha wa kitambaa aliyetundikwa juu ya kitanda, yule anayesemekana huwadanganya watoto ndotoni: mbweha kamwambia mama yako kafa! Naye ametoka kunyonya sasa hivi, anajua ni uongo!

Tukacheka. Lakini mbweha wangu mimi husema: mtoto kafa. Naenda, nashika pua. Anapumua. Narudi. Naenda tena.

Jumapili, 20 Januari

Upepo mbaya. Purev hajarudi malishoni. Nilitoka kuchota theluji, kurudi — Enebish kafungwa! Ngozi mbili, miguu imenyooshwa kama fimbo, jiko linanguruma. Na kamba ile nyekundu. Yako! Nilidhani ilizikwa nawe.

Shingo maji matupu. Nikafungua. Mikono ikaruka kama anayeanguka, akalia. Unaona? akasema mama mkwe. Atajishtua, roho imtoke. Unaniona mimi ndiye muuaji, mkwe wangu? Mama mkwe naye akalia. Katoka kuleta mavi makavu ya kuwashia jiko, kamba kajitundika shingoni. Akirudi atamfunga.

Nimempakata. Kifua nimekizungushia shali yangu, kiganja kinapita. Katulia. Miguu inanipiga tumboni.

Mwanangu, ulisikia joto? Au ilikuwa kamba? Au halikuwa kosa la yeyote? Nitumie neno upesi, hata kwa mdomo wa mbweha. Nasikia hatua zake kwenye theluji —