Ubavu, Breki na Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Leo mama mkwe kanivunja ubavu! Naandika nimekaa wima kama mshumaa, maana kuinama siwezi.

Chanzo ni mke wangu. "Mfundishe mama gari, kwani wewe si mwalimu wa udereva?" Ndiyo, mwalimu, na wanafunzi wananiita Polepole. Lakini mkwe utamkemeaje? Mwanafunzi mwingine namwambia, "Breki, breki!" Yeye namwambia, "Mama, ukiona vyema, gusa breki." Leo paka kakatiza barabara. Mama hakugusa – alikanyaga kwa miguu yote miwili! Mkanda ukanibana. Ka! Nilisikia mwenyewe.

Paka mzima. Zahanati wamenipiga picha: ubavu umevunjika. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniletea mto.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kaja na sufuria ya supu na macho mekundu. Habari ya gari hataki hata kuisikia. "Nimemvunja mume wa mwanangu kwa ajili ya paka!" Nikamwambia asijali, mbavu ninazo nyingine tele. Hakucheka.

Jioni zahanati wakapiga simu. Picha imetazamwa tena, mfupa "hauna sura nzuri". Niende hospitali kubwa, kwa daktari wa damu. Wa damu? Jamani, nimevunjika mfupa! Au ndiyo kile kiuno kinachonisumbua tangu mwaka jana? Na uchovu? Nilidhani ni kukaa garini kutwa.

Alhamisi, 13 Machi

Wamenitoboa nyonga kuchukua uboho, ule ute wa ndani ya mfupa. Ganzi ilifika kwenye ngozi, mfupani haikufika. Nilitoa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Muuguzi anasema wanaume wote hudai hawakupiga kelele. Mimi sidai. Nilipiga.

Jumatano, 26 Machi

Majibu. Naandika taratibu nisije nikayachanganya.

Daktari wa damu ni binti mdogo, amevaa raba za kijani. Hakuzunguka. Mfupa si jiwe, anasema. Kila siku kuna chembe zinazoubomoa kidogo na nyingine zinazoujenga upya. Ndani yake, kwenye uboho, ndiko damu inakotengenezwa, na ndiko wanakokaa baadhi ya walinzi wa mwili, wale wa kutengeneza kingamwili. Kwangu kundi moja la walinzi hao limeharibika. Linazaana ovyo, linarundikana, linafanya uvimbe mfupani. Chembe nyekundu zinakosa nafasi – ndio uchovu wangu huo. Na si hilo tu: linazichochea chembe za kubomoa, za kujenga linazilaza usingizi. Mfupa ukimeng'enywa unamwaga vitu vinavyoulisha uvimbe. Uvimbe ukinenepa, mfupa unazidi kuliwa.

"Na walinzi wengine je?" nikauliza. "Wanatazama tu?"

"Wengine wamelemazwa. Wengine wamerubuniwa, wanausaidia."

Kikulacho ki nguoni mwako! Changu kimepita nguo, kimeingia mfupani. Daktari akacheka, akajizuia. Nikamwambia cheka tu, mwanangu.

Saratani ya uboho. Kuituliza anaweza, kuifuta kabisa hakuahidi. Kuna sindano za kuwapunguza walioasi na kuwaamsha walinzi waliobaki. Kuna dripu ya kuwashika mikono wabomoaji. Watu huishi nayo miaka mingi – wengine. Hiyo "wengine" niliisikia vizuri sana.

"Kwa hiyo ile breki...?"

"Breki gani?"

Nikamsimulia. Akatikisa kichwa. "Ubavu ule hata chafya ingeuvunja."

Nyumbani nimesema damu imepungua kidogo. Mke wangu akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumamosi, 29 Machi

Mama mkwe hali, halali. Leseni yake ya kujifunzia ameisukumia chini ya godoro. Majirani kawaambia kwamba yeye ni mkosi, wamuepuke. Na mimi dawa yake ninayo mdomoni! Nikiitema, yeye anapona na mke wangu anaumia. Nikiimeza, bibi wa watu anakonda bure. Njia panda kila siku nafundisha nani apite kwanza. Hii imenishinda.

Jumapili, 30 Machi

Nimesema. Mchana, mezani, sote watatu. Nikaanzia mwisho: "Mama, si wewe uliyenivunja. Mfupa ulikuwa umeshaliwa."

Aliruka! Akapiga vigelegele. "Si mimi! Jamani, si mimi!" Akanikumbatia, tena upande mbovu. Halafu akaganda, mikono bado hewani.

"Umeliwa na nini, baba?"

Nikautaja ugonjwa.

Mama akalia kwa sauti. Mke wangu hakulia. Alikwenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi. Chumbani akaniuliza kitu kimoja tu: "Ulijua tangu Jumatano?" Ndiyo. Akageukia ukutani.

Jumanne, 8 Aprili

Sindano ya kwanza, ya tumboni. Nimeng'atwa na mbu wakali zaidi. Ila nimekatazwa kubeba mizigo na kuendesha gari – uti wa mgongo nao una matundu. Mwalimu wa udereva, abiria! Mke wangu gari analijua kwa rangi tu. Nikawa nawaza nani wa kunipeleka, mara mama mkwe huyo mlangoni, leseni kaining'iniza shingoni kama cheo.

"Kaa, mwanangu. Mkanda ufunge taratibu."

Tulipitwa na baiskeli mbili na mzee mwenye fimbo. Tulifika.

Mke wangu bado ana maneno mawili tu kwangu: "kula" na "umemeza?"

Jumatano, 7 Mei

Naandika kwenye benchi la hospitali. Leo wanasoma damu. Sindano zikiwa zimefanya kazi, ile kingamwili mbovu inayotolewa na walinzi walioasi itakuwa imeshuka. Kama haikushuka, dawa zitabadilishwa, kali zaidi. Nilijiambia sitaogopa. Mwongo! Kalamu inateleza kwa jasho.

Mama yuko nje anaegesha. Ameziba njia ya gari la wagonjwa. Mlinzi anapiga filimbi, mama anamwambia asimfokee mtu mzima, hajaona alama ya mwanafunzi? Nasikia yote toka humu.

Mke wangu kafika mbio kutoka kazini. Kakaa. Goti lake limegusa langu na hajalitoa.

Daktari kafungua mlango. Ana karatasi mkononi. Uso wake hausomeki hata kidogo. Nimeinuka – mke wangu kaniwekea mkono begani, kanikalisha.

"Yale ya kwanza uliyasikia peke yako," anasema. "Haya naanza kuyasikia mimi."

Daktari ananitazama, anangoja ruhusa yangu. Nimemwambia sawa. Aingie.

Kaingia. Mlango umefungwa. Nje injini inaunguruma, filimbi haikomi. Ndani kiti kinavutwa. Daktari anaongea, chini chini mno. Sasa mke wangu anasema –