Viini vya Siku Tatu na Pua ya Mama Mkwe

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla shule hazijafunguliwa, maana wiki ijayo nitakuwa nimechelewa.

Nimeolewa katika nyumba ya mashine ya kukoboa mahindi, mume wangu anakoboa na mimi nakamua mafuta, yaani mahindi yakishakobolewa napepeta pumba natenga viini, kile kipande laini cha manjano ambacho mmea huchipukia, navikaanga vikavu kwenye pipa la kuzungusha kisha naviingiza kwenye mashine ya kukamua, mafuta yanakwenda kwenye madumu na mashudu yanachukuliwa na wafugaji. Kazi hii aliianzisha mama mkwe, na sheria yake ni moja, mafuta yakishatuama anachota kijiko, anakipasha moto, ananusa, anaonja, akisema "Yaende" yanakwenda, akisema "Hapana" hayatoki hata kama mnunuzi amesimama mlangoni, na kwa neno lake hilo wapishi wa mtaa mzima wananunua kwetu bila kufungua kifuniko.

Sasa Shangazi, mama hasikii harufu tena. Ni tangu mafua makali yaliyompata miezi minne iliyopita, na mimi nilijua siku maziwa yalipoungua, yeye amekaa hatua mbili kutoka jikoni anachambua maharage na moshi unapita nyuma yake, nikaingia mbio kutoka uani, akaniuliza nakimbilia nini. Tukatazamana, na jambo hilo mpaka leo hatujalisema. Tangu hapo kila akitaka kupima mafuta ananiita nimshikie kifuniko, ananusa, ananitazama, kisha anasema yaende.

Na mimi nina langu, usinihukumu. Viini havitaki kulala, vikaangwe na kukamuliwa siku ileile, lakini kuwasha pipa na mashine kila siku kunanichosha na nina mtoto mchanga, basi nikaanza kuviweka kwenye magunia siku mbili, tatu, nivikamue kwa mkupuo mmoja, nikijiambia yakiwa mabaya mama atakataa. Mama hakukataa.

Juzi muuza chipsi wa kona kaja kununua, akaniambia wateja wanamkimbia, wanasema chipsi zake zinanuka rangi ya mlango na zinakereketa koo, naye akidhani kosa ni la viazi amegombana na muuza viazi aliyemuuzia kwa miaka sita, akamwita tapeli na kumwacha. Nikampa pole, nikamuuzia dumu jingine. Na sasa mpishi wa shule ya chekechea ameagiza madumu sita, yameshajazwa na kupitishwa, nimeyanusa mwenyewe na yana harufu ileile. Nikimwambia mume wangu kwamba mama hasikii harufu nitakuwa nimemvua nguo mtu aliyenipokea kama binti yake, nikinyamaza watoto watakula. Nimwambie nani, na nianzeje asiaibike?

Mimi Mwenye Pua Nzima

SHANGAZI ANAJIBU

Mwenye Pua Nzima, barua yako nimeitanguliza mbele ya zote. Za mapenzi zinaweza kusubiri, chakula cha watoto hakisubiri.

Pole kwa kulea huku unazungusha pipa, uchovu huo naujua. Lakini mwanangu, pua ya mama umeieleza mpaka maharage aliyokuwa akichambua, na magunia yako umeyapitisha haraka haraka nisiyaone. Nimeyaona. Pua ya mama haikuharibu hata tone. Kiini kikishatoka kwenye punje ni kama maziwa, kinaanza kuharibika palepale, na aliyekilaza ni wewe.

Halafu unadhani anakuita kwa sababu kifuniko ni kizito? Soma tena ulichoandika. Anakutazama, ndipo anasema. Mama mkwe wako hasomi kijiko, anausoma uso wako. Siku ya maziwa ulimsitiri, akaona huyu ni mtu wa kuegemea, na tangu hapo amekuwa akinusa kwa pua yako. Nawe ukasimama pale, unajua viini vimelala siku tatu, ukakaza uso. Hilo limeniuma, na mimi hata sikujui.

Kwa hiyo leo umfuate mama, wawili tu, maana mchele haumwagwi penye kuku wengi. Usianze na pua yake, anza na magunia yako. Mwambie: "Mama, nililaza viini, mafuta yameharibika, yasiende." Kisha unyamaze. La pua atalitaja mwenyewe, na asipolitaja leo atalitaja kesho, kwa kuwa umemfungulia mlango. Mwanawe aambiwe na yeye, si wewe. Ila umsindikize kwa daktari, na asiachwe peke yake na jiko linalowaka, mficha maradhi kifo humuumbua.

Yale madumu sita yasitoke. Usije ukayachanganya na mafuta mapya ukidhani yatajificha, utakuwa umeharibu na mazuri. Mpe mtengeneza sabuni. Mpishi wa shule mwambie ukweli leo, akasirike sasa angali na muda wa kununua kwingine. Kuhusu uchovu wako, pipa lazima lizungushwe kila siku, na mumeo ana mikono miwili. Viini vikikaangwa vikakauka vizuri vinaweza kungoja mpaka kesho yake, vibichi havingoji. Na kuanzia sasa kijiko mnuse wote wawili mbele ya watu. Ukisikia harufu mbaya, sema kwa mdomo.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Mpelekee muuza chipsi dumu jipya, chukua lile bovu, umweleze bila kuzunguka. Akikufokea, mwache afoke. Ukitoka hapo nenda sokoni, umtafute yule muuza viazi. Hakujui wala hajui kwamba kuna mafuta katika habari hii. Anachojua ni kwamba mteja wa miaka sita alimwita tapeli na kuondoka, na pengine mpaka leo anakata viazi vyake kimoja kimoja kutafuta kasoro. Mwambie viazi vyake vilikuwa vizima.