Mume Wangu Anataka Nimkate Kaka Yangu Katikati ya Sentensi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukinisoma redioni tafadhali usitaje mtaa wetu.

Mimi na mume wangu tunatengeneza filamu za matukio ya kweli, yeye anapiga picha, mimi nakaa kwenye kompyuta nakata na kuunganisha, na kabla ya mapinduzi tulikuwa kwenye filamu ya maandamano ya kumpinga rais wa zamani, na tuliyekuwa tunamfuata na kamera ni kaka yangu, fundi wa kuchomelea, kwa sababu hana woga na maneno yake yana chumvi. Siku wanajeshi walipompindua rais watu walimiminika barabarani, kaka akapanda juu ya kifaru, akacheza na askari mmoja, akamvua kofia akaivaa yeye, kisha akainama kwenye kamera, anahema, anacheka, akasema, "Leo nawashukuru, mzee ameondoka. Lakini na hawa wakikalia kile kiti, tutawatoa vilevile." Wakakikalia. Kaka akarudi barabarani na wenzake, askari wakaja kumchukua karakanani miwani ya kazi ikiwa bado kichwani, na tangu hapo hatujamwona wala hatujaambiwa yuko wapi.

Sasa wakubwa wa jeshi wanataka filamu ya kuonyesha wananchi walivyowapokea, na aliyepewa kazi hiyo ni mume wangu. Nilipomuuliza amekubali vipi akaniambia, "Mke wangu, mkono usioweza kuukata, ubusu." Anataka nimweke kaka akicheza juu ya kifaru, niishie pale anaposema "Leo nawashukuru," basi, na anasema kanali amemwahidi kwamba shemeji akionekana anawashangilia watamwachia, watasema alikamatwa kimakosa. Mama yangu amesikia hiyo ahadi, na sasa kila asubuhi anakuja anakaa nyuma ya kiti changu, ananiambia, "Kata, mwanangu. Mimi namtaka mtoto, msimamo wake kaeni nao nyinyi." Wifi yangu, mke wa kaka, anasema nikimkata hivyo nisikanyage kwake tena, maana mumewe akitoka akajiona kwenye runinga atatamani wangemwacha humo humo ndani. Mume wangu anasema wifi anajizoeza ujane wa shujaa. Mimi nimemsikia kaka akisema sentensi ile mpaka naiota, nakata, narudisha, nakata tena, na mshauri, nikikataa halafu akafia huko, mama atanitazama kwa macho gani?

Ni mimi, mkata picha.

*

Dada mkata picha, pole kwa kaka, na pole zaidi kwa mume. Barua yako imechelewa sana kuvuka mpaka, na kabla sijaijibu filamu imeshaonyeshwa. Nimeiona. Kuna mwanamume juu ya kifaru, kavaa kofia ya askari, anasema "Leo nawashukuru," halafu muziki. Kama ni mkono wako uliokata, sikutukani. Mama akikaa nyuma ya kiti, nani asiyelainika? Kama ni wa mumeo, basi alikuwa anakuomba ruhusa ya jambo alilokwisha kuliamua.

Lakini kaka karudi? Nimeuliza watu wanaofuatilia waliokamatwa huko kwenu. Hakuna aliyeachiwa. Hiyo ahadi uliisikia kwa kanali, au kwa mumeo? Mwenye nia ya kumwachia mtu hufungua mlango, hangoji filamu. Mlikuwa na kitu kimoja tu walichokihitaji, na kimetoka mikononi mwenu kabla hamjaonyeshwa hata kivuli cha ndugu yenu. Ungekuwa karibu ningekugombeza kwanza, kisha ningekukumbatia.

Mumeo ameogopa, na woga si dhambi. Ila kuuvisha woga wake nguo za huruma, kisha kumwachia mama mkwe wake aje akulilie kisogoni, hiyo ni hila, na usiiite ndoa.

Sasa sikiliza. Picha nzima, yenye sentensi yote, iondoe katika nyumba hiyo leo, na nakala moja ivuke mpaka. Nyuso za waliosimama pembeni zifunike, nao wana mama zao. Usiionyeshe popote mpaka wifi yako aseme, kwa sababu kati yenu nyote ni yeye peke yake aliyejiuliza kaka angetaka nini. Nenda kwake. Akikufungia mlango, kaa kizingitini. Kisha wewe, yeye na mama mchukue nguo safi za kaka mpite kambi kwa kambi, gereza kwa gereza. Pale watakapozipokea, ndimo alimo. Wakizikataa kote, tafuteni mwanasheria, na mama aambiwe ukweli na wewe, asiupate kwa jirani.

Mumeo akiuliza mnakwenda wapi, mwambie mnamtafuta yule mtu wa kwenye filamu yake. Na kama ahadi ya kanali ilikuwa ya kweli, avae viatu, atangulie mbele.