Sauti ya Stesheni na Sauti ya Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Wameahirisha tena! Roketi imesimama pale, imejazwa mafuta, dunia nzima imekodoa macho, mimi nimejifungia stoo ya ofisi na simu yangu — halafu valvu moja ikaleta ubishi. Safari imesogezwa mbele. Sikukasirika. Valvu igome ikiwa chini, isigome ikiwa juu. Jioni nilimweleza Baba hivyo, naye akatikisa kichwa. Baba alitangaza treni stesheni mpaka alipostaafu. Kwake chombo kinaondoka kwa wakati au hakiondoki. Akasema wao wangeahirisha namna hiyo abiria wangewala wabichi.

Hayo ndiyo niliyotaka kuandika leo. Shajara hii niliianza kwa ajili ya mambo ya anga na kompyuta tu, nipunguze kuwachosha watu kazini. Lakini leo tulikwenda pia kwa daktari.

Ule mkwaruzo wa koo la Baba si mafua. Ni uvimbe. Daktari, mama mmoja mtaratibu wa miwani mikubwa, hakuzungukazunguka: kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Atapona, kwa hilo ana matumaini makubwa. Atakula, atatembea, atazeeka na wajukuu. Ila hatasema tena kwa sauti yake. Upasuaji ni Jumatano ya tarehe kumi na tisa.

Baba akauliza kama bado ataweza kukoroma. Mama akasema laiti wangeanza na hicho. Tukacheka wote, hata daktari. Njiani kurudi hakuna aliyecheka, na Baba alikuwa anasoma mabango ya maduka moja moja, polepole, kwa sauti.

Jumanne, 4 Machi

Daktari alidokeza jambo jana: wagonjwa wengine hurekodi sauti kabla ya upasuaji. Kompyuta inajifunza. Baadaye mtu anaandika, mashine inasema kwa sauti yake mwenyewe. Nimesoma kuhusu hilo kutwa nzima. Kazini mimi ndiye wanayemwita printa ikigoma, na leo, kwa bahati, printa zote zilikuwa na adabu.

Nimekuwa nikiwacheka wanaodhani mashine inaelewa. Haielewi! Inakisia tu kinachofuata, basi. Nimebishana na Mhasibu wa ofisini juu ya hilo mpaka chai zetu zikapoa. Na leo mimi huyu huyu naiomba mashine isiyoelewa kitu inishikie kitu ninachokipenda kuliko vyote. Sawa. Nyundo nayo haielewi nyumba, lakini nyumba zinajengwa.

Sharti langu ni moja: intaneti hapana. Sauti ya Baba haitakwenda kukaa kwenye kompyuta za watu nisiowajua, kesho niisikie inauza sabuni. Ofisini kulikuwa na kompyuta moja nzito inayosubiri kutupwa. Nimeiomba, wamenipa, nimeiongezea kumbukumbu. Itafanya kazi hapa chumbani kwangu, taratibu, kama mtu mzima.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kwanza. Nilitundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Mama akauliza mablanketi yake yamemkosea nani. Halafu Baba akaingia — shati limepigwa pasi, amevaa viatu, ndani ya nyumba! Akakaa wima.

Mashine inataka sentensi nyingi za kila aina. Nilizonazo mimi ni habari za sayansi, nimezikusanya kwa miaka. Nikampa. Taa nyekundu ikawaka, Baba akakohoa kidogo, na hapo hapo ikatoka sauti ya stesheni. Nene. Pana. Mkwaruzo karibu haupo. Kila baada ya maneno machache anatulia kidogo, auache mwangwi wa paa la stesheni umalizike, paa ambalo halipo. "Chombo kisicho na rubani... kimetua salama... kwenye uso wa mwezi." Mwisho wa sentensi anauvuta. Vinyweleo vilinisimama. Nusura nitafute mzigo wangu.

Rekodi safi kabisa. Sijawahi kupata sauti safi hivi. Nimefurahi mno leo, na najua si siku za kufurahi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumerekodi asubuhi na alasiri. Katikati ya habari ya kile chombo cha zamani, kilichosafiri mbali kupita sayari zote, Baba akaacha kusoma. Akataka kujua kama ni kweli ishara inachukua karibu siku nzima kukifikia. Kweli. Na jibu? Karibu siku nyingine.

"Kwa hiyo mtu anauliza hujambo leo, anaitikiwa keshokutwa."

Ndiyo, Baba.

"Na hao wanaouliza hawachoki?"

Hawachoki. Wengine walianza kazi hiyo wakiwa vijana, sasa wana mvi. Akafikiri, akaomba maji, akaendelea kusoma. Nampenda sana mzee huyu. Sauti yake inachoka mapema siku hizi, na yeye si wa kusema nimechoka, kwa hiyo ninasimamisha mimi. Nasema betri imeisha. Maikrofoni yangu haina betri.

Jumanne, 11 Machi

Kompyuta imechemka chumbani tangu juzi, mpaka nalala madirisha wazi. Leo jioni ikamaliza. Nikawaita wote wawili. Niandike nini kwanza? Nikaandika anachokisema Baba kila siku akirudi kutoka kutembea: "Bibie, chai ipo?"

Ikasema. Ni yeye! Ni koo lake, ni pua yake, ni yeye mtupu. Baba mwenyewe akashika shingo. Mimi machozi yakaanza kunitoka — halafu nikamwona Mama. Ameweka kikombe chini, amekunja uso.

"Huyu ni wa stesheni," akasema.

Nikamwambia lakini ni sauti yake, Mama, sikiliza vizuri.

"Nimesikiliza. Wa stesheni alikuwa anabaki kazini kila jioni. Mimi nimeolewa na yule anayekuja nyumbani."

Nikaisikiliza tena. Amesema kweli. Bibie, anatulia, chai, anatulia, ipo, anaivuta mpaka mwisho wa jukwaa. Mtu angedhani chai inaingia kutoka mji wa jirani. Siku zote hizi nimemrekodi mtangazaji. Nilifurahia usafi wa sauti, nikasahau kusikiliza ni ya nani. Na sauti ya nyumbani, ile ya chini, ya puani kidogo, inayomeza nusu ya maneno, sina hata sentensi moja. Na Jumatano ya wiki ijayo inaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia: Baba, ongea kawaida tu. Akasema haya. Taa ikawaka — stesheni. Nikaziba taa kwa plasta. Stesheni. Nikamwambia anisimulie alichokula mchana. Akatangaza wali, akatangaza maharage, na nadhani kama ningemwacha angetaja na jukwaa.

Hakucheka. Amejichukia kidogo, nimemwona. Anasema miaka yote ile akimeza neno, mtu na mgonjwa wake wanaachwa na treni. Mdomo umezoea, ukiona kipaza sauti unajinyoosha wenyewe. Halafu akatoa wazo lake. "Kifiche. Usiniambie wapi. Ruhusa nimekupa."

Ijumaa, 14 Machi

Vituko! Tangu jana kifaa kidogo cha kurekodia kimefichwa, na Baba, kwa kuwa hajui kiko wapi, anaishi kana kwamba kiko kila mahali. Ameomba chumvi kwa sauti ya stesheni. Amemtangazia jirani habari za asubuhi kupitia dirishani, jirani akasimama wima. Leo amepiga chafya, akaomba radhi kwa abiria wote. Hapo Mama alicheka mpaka akakaa chini, na Baba akacheka pia, kile kicheko chake kifupi cha kweli. Kicheko ninacho basi. Angalau.

Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda kujifungia bafuni. Nikafungua bomba nisisikike.

Kazini Mhasibu aliniuliza nimekuwaje, leo sijamwambia lolote kuhusu roketi. Nikamweleza tarehe mpya, mafuta ya baridi, valvu. Nikaeleza, nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, na akaniachia nusu ya mkate wake.

Jumapili, 16 Machi

Mama ndiye kaokoa jahazi. Asubuhi akaninyooshea mkono: "Nipe hako kadude." Nikampa. Akakaweka mfukoni mwa aproni, akachukua mkasi na taulo, akamwita Baba jikoni.

Mama ndiye kinyozi wa Baba tangu walipooana. Mlango wa jikoni unafungwa. Tangu utotoni najua saa ile si ya watoto. Hakuna aliyenikataza, nilijua tu. Nilikaa sebuleni nikisikia mngurumo wa chini kupitia mlangoni, maneno hayasikiki. Nilisikia kwamba ndiyo yenyewe. Sauti ya nyumbani!

Akatoka Baba na kichwa kimepungua. Akapita zake. Mama akanirudishia kifaa, nikashukuru, nikataka kukimbilia kompyuta. Akanishika mkono. "Sikiliza yote. Usirukeruke."

Jumatatu, 17 Machi

Nimesikiliza yote.

Rekodi ni chafu. Mkasi kila mahali, bomba linadondoka, aproni inasugua. Fundi yeyote wa sauti angeitupa. Lakini ni yeye. Analalamika Mama ameligusa sikio. Anasema magoti. Anasema jirani amenunua mlango mbaya. Maneno yanamezwa, yanaishia njiani, Mama anayamalizia. Nikawa nakata vipande, nasafisha, naweka kwenye faili, kazi kama kazi nyingine. Halafu Mama akauliza, na alijua kadude kako mfukoni:

"Hiyo mashine unaitaka kweli?"

Mkasi, mkasi.

"Mimi kalamu na karatasi vinanitosha. Tena wewe nikikutazama tu unajua nataka nini kabla sijakitaka."

"Sasa mablanketi yangu yanateseka kwa nini?"

"Mtoto anaogopa. Humwoni? Tangu tutoke kwa daktari hajanyamaza. Mwezi, mashine, mwezi, mashine. Akinyamaza ataanguka. Mwache atengeneze."

"Na wewe?"

Hapo mkasi umesimama.

"Naogopa. Ila mimi nina wewe."

Nilivua vipokea sauti. Nilidhani mimi ndiye ninayemtengenezea kitu. Kumbe siku zote zile, na viatu vyake na shati lake la pasi, na koo linamuuma, ni yeye aliyekuwa ananitengenezea mimi.

Baadaye nikasafisha kilichobaki. Ile sehemu ya mwisho sikuipa kompyuta. Mengine yote nimeipa, na mkasi wake. Inaanza kuchemka sasa. Sentensi ni chache, huenda zisitoshe. Sijui.

Jumatano, 19 Machi

Benchi la hospitali, nje ya chumba cha upasuaji. Baba yuko ndani. Kompyuta niliiacha nyumbani inaendelea, haikuwahi.

Asubuhi alikuwa kitandani na lile gauni la kufungia mgongoni, miguu inatoka nje. Nesi alituamuru tuzime simu, nikazima. Mama upande huu, mimi upande ule. Nikaanza. Nikamwambia roketi hatimaye imeruka jana, Baba, valvu imetii, hatua ya kwanza imeachana vizuri, sasa chombo kinazunguka kikisubiri —

Akaweka mkono wake juu ya wangu. "Injinia. Roketi baadaye. Wiki mbili nasema mimi tu. Sasa wewe sema."

Nilikuwa nasema, Baba.

"Sema wewe."

Nimetazama shuka. Nimetazama dripu inavyodondoka. Mama hakunisaidia.

Nikasema, "Naogopa, Baba."

"Najua," akasema. Kwa sauti ya nyumbani, ile ya chini, yenye mkwaruzo wote. "Endelea."

Nikaendelea. Sikujua kama yalikuwa mengi kiasi hicho. Kwamba nitasahau anavyoniita Injinia. Kwamba nikipiga simu nyumbani atapokea Mama tu. Kwamba nikifikisha umri wake nitakuwa nakumbuka mashine, simkumbuki yeye. Yalitoka hovyo, bila mpangilio, na kamasi juu. Yeye alikuwa ananisikiliza tu na kuitikia kwa kichwa, kama vile ana siku nzima. Nesi alikuja na kitanda cha magurudumu, akaona, akasimama mlangoni kidogo. Kisha ikabidi wampeleke.

Simu nimeiwasha sasa hivi. Nimefungua sehemu ya rekodi kwa mazoea tu. Maneno yake ya mwisho kwangu ni "Najua. Endelea." Hayako kwenye simu, hayako kwenye kompyuta, hayako popote ila humu nilipoyaandika, na humu hayana sauti.

Taa ya juu ya mlango bado inawaka. Mama alikuwa amekaa mwisho wa benchi na mkoba wake magotini. Sasa hivi amesogea, bega lake limegusa langu, ameufunika mkono wangu ulioshika kalamu.

"Ulikuwa umefika wapi?" ananiuliza. "Niambie na mimi."